Magofu Si ya Pwani Peke Yake

Neno gofu litajwapo mbele ya mwanafunzi wa Kiswahili, akili yake huelekea Pwani moja kwa moja. Huiona Gede na kuta zake za matumbawe zilizozingirwa na msitu, Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, vichochoro vya Lamu, au msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani. Wala dunia haikuuonea haya umaarufu huo. Shirika la UNESCO liliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, Kaya za Wamijikenda mwaka 2008, Ngome ya Yesu mwaka 2011 na Gede mwaka 2024. Hapana shaka kuwa heshima hiyo ni stahili ya Pwani, na mgala muue na haki yake mpe.

Hata hivyo, kuna swali ambalo wapenzi wa Kiswahili wamelikwepa kwa muda mrefu. Mwanafunzi aliyezaliwa Webuye, Sirisia, Kapsokwony au Kitale, akiagizwa aandike insha juu ya mahali pa kale, mbona huandika juu ya Gede ambayo hajawahi kuiona, akauacha mlima anaouona kila asubuhi afunguapo dirisha? Jibu jepesi ni kwamba hana habari za kwao. Jibu hilo halitoshi. Habari anazo, tena amezisikia kwa nyanya yake na katika matanga ya jirani. Asichokuwa nacho ni Kiswahili cha kuzisimulia habari hizo, kwa kuwa hajawahi kukisoma popote. Hoja ya makala hii ni kwamba upungufu huo si wa mwanafunzi, bali ni wa taaluma ya Kiswahili yenyewe, na kwamba kuuondoa ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kabla ya kuwa wajibu wa mtu mwingine yeyote.

Tuchukue mfano wa Chetambe. Juu ya kilima kinachoutazama mji wa Webuye palikuwa na boma la Wabukusu lenye ukuta wa udongo na handaki lililouzunguka. Mnamo mwaka 1895, utawala wa Kiingereza, ambao wakala wake katika eneo hilo alikuwa C. W. Hobley aliyekaa Mumias, ulipeleka jeshi kuwatiisha Wabukusu. Jeshi hilo lilikuwa na askari wa Kisudani, Waganda na wasaidizi wengine Waafrika, na lilikuja na bunduki za rashasha. Wabukusu walipigana kwanza Lumboka, kisha wakajihami Chetambe. Walishindwa. Wengi waliuawa, mifugo ikatekwa, na tangu hapo nchi ikawa chini ya mkoloni.

Habari hazikuishia hapo. Mwaka 1947, Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwakusanya wafuasi wake kwa maelfu pale Chetambe kuwakumbuka na kuwatambikia waliouawa mwaka 1895. Mwaka uliofuata, polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi, na dini yenyewe ikapigwa marufuku. Msomaji na autie maanani mwaka huo wa 1948. Ndio mwaka ambao James Kirkman alianza kazi yake ya kuyafukua magofu ya Gede. Serikali ileile ya kikoloni ilikuwa inalipia kufukuliwa kwa gofu moja huko Pwani huku ikiwaadhibu watu wa bara kwa kulikumbuka jingine. Gofu lisilo na wenyewe wa kudai kitu halikuwa tishio kwa mtawala, lakini lile ambalo wajukuu wa waliokufa bado walilililia lilikuwa tishio. Basi tusidhani kwamba umaarufu wa mahali pa kale hutokana na uzuri wa mawe yake tu. Hutokana pia na nani aliyeruhusiwa kuyasimulia.

Hapa ndipo tatizo la lugha linapojitokeza. Wabukusu huliita boma la namna ya Chetambe lukoba, na kwa wingi chingoba. Waandishi wa Kiingereza hulitafsiri kuwa ngome ya kijeshi, na Kiswahili nacho kikafuata nyuma na kuandika "Ngome ya Chetambe". Neno ngome si baya, ila humletea msomaji picha ya mizinga na kuta za mawe za Mombasa. Akifika kilimani akakuta tuta la udongo lililomomonyoka na mahindi yakiota kandokando, hudhani amedanganywa. Neno boma nalo lina kasoro yake: kwa mmoja ni zizi la ng'ombe, kwa mwingine ni ofisi ya serikali. Lukoba haikuwa zizi wala kambi ya askari. Kilikuwa kijiji kizima, na watu, mifugo na mazishi yao, kilichozungushiwa ukuta kwa sababu ya vita. Je, Kiswahili kikope neno lukoba kama kilivyokopa maneno mengi kutoka lugha nyingine, au kiunde istilahi mpya? Huu ni mjadala halali wa isimu na leksikografia, na unastahili tasnifu. Jambo la kusikitisha ni kuwa haujaanza.

Pengine mtu atasema kwamba kusubiri hakudhuru, kwa kuwa mlima hauhami. Historia ya Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, inaonyesha kinyume. Mahali pasiposimuliwa na wenyeji wake husimuliwa na wapita njia. Mwaka 1883, Joseph Thomson alifika katika mapango ya mlima huo na kuwakuta watu wakiishi humo pamoja na mifugo yao. Badala ya kuwauliza na kuwasadiki, alikata shauri kwamba mapango makubwa kiasi hicho lazima yawe yalichimbwa zamani na taifa lenye nguvu na ustaarabu lililokuja kutafuta vito au madini. Leo inajulikana kwamba katika pango la Kitum, ambalo huingia mlimani kiasi cha mita 200, wachimbaji ni tembo. Huingia gizani usiku, wakapapasa njia kwa mikonga, wakabandua miamba kwa pembe zao na kuila kwa ajili ya chumvi iliyomo. Kizazi baada ya kizazi cha tembo kimelipanua pango hilo. Ni ajabu kubwa kuliko taifa lolote la kubuniwa.

Takriban miaka mia baadaye, kisa kikarudiwa kwa sura nyingine. Wageni wawili, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, waliugua homa ya Marburg baada ya kuzuru Kitum. Mwaka 1994 kikatoka kitabu cha Richard Preston, The Hot Zone, kilichosomwa sana Marekani na kwingineko, na tangu hapo watu wengi duniani hulijua pango hilo kama makao ya kirusi. Hofu hiyo ina msingi wake na tahadhari ni lazima. Lakini jamii za Wasabaoti walioishi katika mapango ya mlima ule, wakazaa humo na kulea humo, zimebaki nje ya masimulizi yanayosomwa. Thomson aliwanyima akili ya kujua asili ya mapango yao. Waliomfuata waliwasahau kabisa.

Kuna pia hasara isiyoweza kurekebishwa. Katika nyanda za juu za magharibi, tangu Uasin Gishu hadi Trans-Nzoia, kumetapakaa mabonde madogo ya mviringo ambayo hujulikana kama mashimo ya Wasirikwa. Wanaakiolojia, akiwemo John Sutton, wameeleza kwamba yalikuwa mazizi yaliyozamishwa ardhini, ambamo ng'ombe walilindwa usiku, karne kadhaa kabla ya ukoloni. Kule Hyrax Hill karibu na Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937, mashimo ya namna hiyo yamehifadhiwa. Trans-Nzoia ilikuwa na bahati tofauti. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ardhi yake iligawiwa walowezi waliokuwa askari, na tangu wakati huo ndiyo ghala la mahindi la nchi. Plau haiulizi shimo lilichimbwa na nani. Mkulima anayelisawazisha shambani mwake hafanyi hivyo kwa ubaya. Anatafuta gunia moja zaidi la mahindi kwa ajili ya karo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inalinda mambo ya kale, ila sheria haiwezi kumfaa mtu asiyejua kwamba alicho nacho shambani ni kitu cha kale. Kumjulisha ni kazi ya lugha anayoielewa.

Sasa tufikie pingamizi lililo zito zaidi. Wapo wanaosema kuwa masimulizi haya ni mali ya Lubukusu na ya Kisabaoti, na kwamba kuyaingiza katika Kiswahili ni kuyapora. Hofu hiyo isipuuzwe. Omuswali anaposimama kufanya khuswala kumuse baada ya maziko na kuitaja historia ya watu wake, uzuri wa maneno yake umo katika Lubukusu, na tafsiri yoyote itapunguza kitu. Kwa sababu hiyo, Kiswahili hakiji kuchukua nafasi ya lugha hizo. Kinakuja kufanya kazi ambayo peke yake hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kuifanya.

Kazi hiyo ni ya kukutanisha. Kati ya mwaka 2006 na 2008, mgogoro wa ardhi katika Mlima Elgon uligeuka vita, watu wengi wakauawa na maelfu wakayahama makwao. Mahali palipopitia hayo, historia ya nani alikaa wapi kwanza si mazungumzo ya burudani. Simulizi la kilima au pango likitolewa katika lugha ya kabila moja, mbele ya kabila moja, ni rahisi kugeuzwa kuwa hatimiliki ya shamba. Likitolewa katika lugha ambayo jirani naye anaisikia, hana budi kusahihishwa msimuliaji aliyetia chumvi.

Tena masimulizi yenyewe yanaunga mkono jambo hili. Wabukusu husimulia kwamba shujaa Mango aliliua joka lililokuwa likiwamaliza watu na mifugo huko Mwiala, na kwa ushujaa huo akatahiriwa, na tohara ikaanzishwa upya miongoni mwa watu wake. Waliomtahiri ni nani? Masimulizi hujibu bila kusita: ni majirani wa mlimani, ambao leo ni jamaa za Wasabaoti. Jina la Bungoma lenyewe huhusishwa na Wabong'om, na jina la Elgon linatokana na Wakony, makundi mawili ya Wasabaoti. Kwa maneno mengine, Mbukusu hawezi kueleza fahari yake kuu bila kumtaja Msabaoti. Hilo ni jambo ambalo watoto wa jamii zote mbili wangepaswa kulisoma darasani wakiwa wameketi dawati moja, na lugha watakayolisomea ni Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2010 imekitambua kuwa lugha ya taifa.

Wala Kiswahili si mgeni huko. Misafara ya wafanyabiashara kutoka Pwani ilifika Mumias kabla ya reli na kabla ya bendera ya Kiingereza. Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma mwaka 1965 na kukulia Trans-Nzoia, alionyesha katika Siku Njema ya mwaka 1996 kwamba riwaya ya Kiswahili inaweza kusafiri kutoka Tanga hadi magharibi ya Kenya bila kupoteza ladha yake. Marehemu alifungua njia. Waliobaki hawana udhuru wa kusema kwamba pana kichaka.

Basi yafaa kutendwa nini? Kwanza, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya ukanda huu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kibabii kilichoko Bungoma yenyewe, vitumie likizo ndefu kuwatembelea wazee wa Webuye, Sirisia, Kapsokwony na Kitale na kuyarekodi masimulizi ya kila mahali katika lugha ya msimuliaji, kisha kuyaandika kwa Kiswahili ubavuni mwa matini asilia, na jina la kila msimuliaji aliyeridhia litajwe. Pili, wahadhiri wa fasihi simulizi waache kuridhika na kazi za nyanjani zinazoorodhesha vitendawili hamsini bila kutaja vilitegwa wapi. Simulizi lina mahali pake, na mahali hapo pana jina. Tatu, makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyo wa mlowezi Hugh Stoneham na kufunguliwa kwa umma mwaka 1974, yashirikiane na wanafunzi hao katika kuandaa maelezo ya Kiswahili sanifu na chepesi ambayo mkulima wa Trans-Nzoia na mwanawe watayasoma pamoja.

Mradi wa namna hii hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji daftari, kinasa sauti, nauli ya matatu na subira ya kumsikiliza mzee hadi mwisho. Thimlich Ohinga, maboma ya mawe ya kaunti ya Migori, yaliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2018, na hayako Pwani. Kilichoyafikisha huko ni watu waliojali kuyaeleza. Wazee wanaoyajua ya Chetambe na ya Mwiala wanapungua kila mwaka, na tuta la udongo juu ya kilima cha Webuye linapungua kila masika. Mwanafunzi wa Kiswahili hana uwezo wa kuizuia mvua, lakini kumtangulia mauti kwa mzee wake bado anaweza, iwapo ataondoka sasa.