MANDHARI YA KILWA INA WENYEWE

Msafiri wa siku hizi, anapochagua nyumba ya kulala, haulizi tu juu ya kitanda, maji na chakula. Huuliza pia: nitakapofungua dirisha asubuhi, nitaona nini? Kule Moshi na Marangu swali hilo lina jibu moja, nalo ni Kilimanjaro, mlima wenye kimo cha mita 5,895. Nyumba nyingi za wageni huko zimejengwa kwa kuukabili mlima huo, na chumba kinachoutazama mara nyingi huwa na bei yake mbali. Huku kwetu Kilwa na pwani yote ya Lindi hatuna mlima wa theluji. Tuna bahari, visiwa, magofu ya mawe, mikoko, na upande wa bara vilima vya Matumbi. Hiyo nayo ni mandhari, na wanunuzi wake wameanza kuja. Kwa hiyo yafaa tuseme mapema, kabla hatujajikuta tumeiuza bila kujua tumeuza nini.

Sisi tuliwahi kwenda Moshi kwa shughuli za kikazi, tukapewa chumba cha kuonea mlima na kutozwa nyongeza kwa ajili hiyo. Tulikaa siku tatu. Siku zote tatu mawingu yaliufunika mlima tangu tulipoamka hadi usiku, na dirisha letu likatuonyesha ukungu mtupu. Tulipolalamika, mhudumu alitujibu kwa adabu: "Ndugu zangu, mlima haufuati saa za ofisi." Alfajiri ya siku ya kuondoka, tukiwa tunangoja basi kando ya barabara, Kibo kikatoka cheupe pe. Pembeni yetu mama mmoja alikuwa akipanga ndizi zake juu ya gunia. Hata hakugeuka kutazama. Mlima ule aliuona tangu utotoni bila malipo, na ile nyongeza tuliyoitoa kwa ajili ya kuuona haikumfikia hata senti moja.

Hapo ndipo tulipopata somo ambalo leo tunalileta Kilwa. Mandhari ni neema ya Mwenyezi Mungu kwa wote, lakini dirisha lina mwenyewe. Mwenye dirisha hulipwa kwa kitu ambacho hakukiumba wala hakukilinda, na yule aliyekilinda miaka yote hubaki kuwa sehemu ya picha.

Wala jambo la kuchagua nyumba kwa ajili ya mandhari yake si geni katika nchi hii. Anayevuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, akipanda hadi Husuni Kubwa, atakuta jumba la mawe ya matumbawe na chokaa lililojengwa katika karne ya 14 juu ya genge linaloikabili bahari. Lina vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea lenye pembe nane. Wanahistoria wanalihusisha na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala wakati dhahabu ya Sofala ilipopita mikononi mwa Kilwa. Mwenye jumba lile alijua kuchagua mahali: upepo, bahari, na vyombo vinavyoingia bandarini, vyote mbele ya macho yake.

Lakini na ikumbukwe kwamba msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 katika enzi ya sultani huyo huyo, hakumsifu kwa jumba lake. Alimsifu kwa ukarimu, akaeleza kwamba watu walimwita Abul-Mawahib, yaani baba wa vipaji, na akasimulia jinsi alivyoyatoa mavazi aliyovaa akampa fakiri aliyemwomba njiani. Jumba lenyewe, kwa maoni ya wataalamu, halikupata kukamilika, na halikukaliwa muda mrefu. Jina la ukarimu limedumu karibu miaka mia saba. Kila anayetaka kujenga juu ya genge la pwani yetu na alitafakari hilo.

Tunasema haya kwa sababu hali imebadilika. Zamani Kilwa ilikuwa mbali. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na mvua za masika zilipokuja barabara ilikatika, mkoa mzima ukawa kama kisiwa. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ikafuata kipande kwa kipande. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyotiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi kubwa ya ukarabati yakatolewa humo mwaka 2014. Njia imefunguka na jina limesafishika, kwa hiyo wageni wanakuja. Nyuma ya mgeni huja mwenye mtaji, na nyuma ya mwenye mtaji huja dalali wa viwanja.

Hatusemi kwamba mwenye mtaji ni adui. Mwaka 1970, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha, vijana wa TANU wa Chuo Kikuu waliwasha mjadala mkali katika gazeti la Standard la Dar es Salaam, wakiuliza kama utalii unapatana na ujamaa. Maandishi ya mjadala ule yalikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Wako walioona utalii ni utumishi wa kuwainamia matajiri wa nje. Wako walioona ni njia ya kupata fedha za kigeni. Sisi tunaona kwamba swali la vijana wale halijazeeka, ila leo linapaswa kuulizwa kwa namna nyingine: mgeni atakapokuja, mwenyeji atapona kwa kitu gani? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame.

Jambo la kwanza ni mikoko. Magofu yetu yaliingia hatarini kwa sababu mawimbi yalikuwa yakila ukingo wa kisiwa, mvua zikipasua kuta na mizizi ikizibomoa. Mahali palipokatwa mikoko, bahari ilipata njia. Sasa chukulieni mtu aliyejenga nyumba ya wageni ufukoni, akaona mikoko inamzibia mgeni wake mandhari, akaamuru ikatwe. Mgeni ataona magofu vizuri mwaka huu na mwaka ujao. Lakini bahari iliyofunguliwa mlango haingoji ruhusa ya mtu, na siku moja dirisha litabaki likitazama mahali palipokuwa na magofu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni. Mita hizo 60 hazikuwekwa ili kumkomoa mtu. Mafuriko yaliyoandamana na kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024, yakaikata barabara ya kusini, yametukumbusha sote kwamba maji yakitaka njia yao huichukua.

Jambo la pili ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kuisimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli. Ardhi ya kijiji haigawiwi kwa mtu na mwenyekiti peke yake chini ya mwembe, wala kwa sahihi zilizokusanywa usiku nyumba kwa nyumba. Ndugu zetu wa visiwani, mjue kwamba kipande cha ufuko kinachoonekana kwenu ni mchanga na minazi mikuukuu, kwa mnunuzi ni dirisha la miaka mingi. Fedha ya kuuzia huliwa kwa msimu mmoja. Ufuko uliokwenda haurudi. Na ukishawekwa ua, wavuvi wataegesha wapi madau yao, na akina mama watapita wapi kwenda kutafuta pweza maji yakitoka?

Jambo la tatu ni kugawana. Kwa kuwa mgeni hulala Masoko na kutazama Kisiwani, fedha yake nyingi hubaki ng'ambo ya huku, na kisiwa hupata nauli ya chombo na ujira wa mwongozaji. Hilo si haki iliyotimia. Haifai kuwa watu wanaoishi miongoni mwa magofu, ambao watoto wao huchunga mbuzi kando ya Msikiti Mkuu na Gereza, wawe maskini kuliko wale wanaoyatazama kwa mbali.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne yafanywe. Kwanza, wakuu wa wilaya na mkoa waweke mpango wa pwani unaosema wazi wapi pajengwe na wapi pasijengwe kabisa, na mpango huo usomwe katika mikutano ya vijiji kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa. Pili, mwenye mtaji apangishwe kwa mkataba wenye mwisho, na kodi ya kila mwaka iingie katika mfuko wa kijiji, ikasomwe hadharani. Tatu, njia ya kwenda baharini ibaki wazi kila mahali, bila geti na bila mlinzi wa kuwauliza wenyeji wanakwenda wapi. Nne, vyombo vya kuvusha wageni na kazi ya kuwaongoza vishikwe na ushirika wa wanakisiwa wenyewe, wafunzwe na kukopeshwa mashine.

Tena tusiyaelekeze macho yetu yote baharini. Kama kuna mgeni anayetamani mandhari ya mlima, apelekwe bara, Kipatimu na Nandete katika vilima vya Matumbi. Si virefu kama Kilimanjaro. Lakini ni hapo, Julai 1905, watu waliochoshwa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa waling'oa miche ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Mgeni anayelala chini ya vilima hivyo katika nyumba safi ya mwanakijiji, akahadithiwa na wajukuu wa waliopigana, ameona kitu kisichofichwa na mawingu.

Na kwa mgeni mwenyewe tuna neno moja. Unapochagua nyumba kwa sababu ya mandhari yake, usiulize tu dirisha linatazama wapi. Uliza nyumba ile inakaa juu ya ardhi ya nani, ilikata nini ili uone, na jirani yake anapata nini. Ukijibiwa vizuri, lala kwa amani.

Viongozi nao wasingoje mpaka ua wa kwanza uwekwe ndipo waitishe mkutano. Pwani hii ilikwisha kupoteza mji wake mara moja, mwaka 1505, kwa wageni waliokuja na mizinga. Haitakuwa fahari kwetu tukiipoteza mara ya pili kwa karatasi tulizozitia sahihi sisi wenyewe.