Acheni Kuisingizia Flashi

Hivi karibuni nilikaa kwenye kikao cha kamati ya harusi moja hapa Dar es Salaam. Mama mmoja, mweka hazina, aliisoma karatasi yangu ya bei mpaka akafika kwenye mstari wa taa, akauwekea kidole. "Hapa tutakata, kaka. Kwanza flashi na sisi weusi haviendani, inatung'arisha kama maandazi yaliyotoka kwenye mafuta sasa hivi. Kamera za siku hizi zinaona gizani, na picha nzuri ni za mwanga wa asili." Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali, wengine wakacheka. Mimi sikucheka. Maneno hayo nimeshayasikia kwa maharusi, kwa mashemeji na kwa wachungaji. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nayasikia pia kwa wapigapicha wenzangu, wanaojitangaza kuwa wao ni wa mwanga wa asili tu na kuidai hiyo kuwa sifa.

Mama, pamoja na heshima zote, si kweli. Flashi haina ugomvi na ngozi nyeusi. Kinachoharibu ngozi yoyote, iwe nyeusi, nyeupe au ya maji ya kunde, ni taa ndogo iliyobandikwa juu ya kamera na kuelekezwa usoni moja kwa moja. Kosa ni la ukubwa wa taa na mahali ilipokaa. Nitalirudia hili mpaka mnichoke, kwa sababu mambo mengine yote yanaanzia hapo.

Tuanze na huo mwanga wa asili wenyewe. Chanzo chake ni jua. Haya, mchukueni bibi harusi saa saba mchana, mkamsimamishe ufukweni Coco Beach, mkampige picha. Macho yatapotelea kwenye mashimo meusi, pua itaangusha kivuli mpaka kwenye mdomo, paji la uso litawaka jasho na mafuta. Hakuna flashi hapo. Jua kipenyo chake kinazidi cha dunia zaidi ya mara 100, lakini liko mbali nasi kilomita takriban milioni 150, kwa hiyo kwetu linabaki kiduara ambacho kidole gumba cha mkono ulionyooshwa kinakifunika chote. Taa ndogo, mwanga mkali. Likipita wingu, wingu zima linageuka kuwa taa, na papo hapo vivuli vinalainika na uso unatulia. Ndiyo maana hao wa mwanga wa asili mchana wote utawakuta wamejibanza chini ya miembe au kwenye vibaraza. Wanalikimbia jua, ambalo ndilo asili yenyewe, halafu wanakuja kunihubiria ubaya wa flashi.

Ndani ya flashi kuna bomba la kioo lenye gesi ya zenoni. Mwanga wake rangi yake inakaribia sana ya jua la mchana, kelvini 5,500 hivi. Mwanga ni mwanga. Ngozi haiulizi umetoka angani au kwenye betri. Geuza kichwa cha flashi kitazame dari nyeupe badala ya uso wa mtu. Kuanzia hapo taa yako si kile kioo cha upana wa kiganja tena, taa yako ni dari, mita kadhaa za mraba, na mwanga unashuka laini kuliko wa dirishani. Jambo hili halina gharama hata senti moja. Kila flashi ya kawaida yenye shingo inayogeuka inaliweza. Lakini ingia kwenye sherehe yoyote uone: dari nyeupe ipo, shingo ya flashi ipo, na mpigapicha amewalenga watu usoni kutoka mita moja. Kesho yake lawama zinakwenda kwa flashi.

Huko kung'aa kwa maandazi nako kuna sababu yake, na ni vizuri watu wakaijua. Ngozi inarudisha mwanga kwa namna mbili. Mwingine unaingia ndani ya ngozi, unachanganyika na rangi yake, ndipo unatoka. Mwingine unaruka juu juu kwenye unyevu na mafuta, haubebi rangi ya ngozi hata kidogo. Kwenye ngozi nyeusi ule wa kwanza ni mchache, kwa hiyo huu wa pili ndio unaoonekana sana. Na mng'ao huo ni taswira ya taa yenyewe. Taa ikiwa ndogo, unapata doa jeupe kali katikati ya paji la uso. Taa ikiwa pana, doa linatanuka na kulainika, linafuata mfupa wa shavu, linashuka shingoni, linaonyesha umbo lote la uso. Ngozi nyeusi chini ya taa pana ina uzuri ambao poda haiwezi kuutoa. Na hapa niwaseme wapambaji wa maharusi kidogo: acheni kuwapaka mabinti unga mweupe mkidai mnazuia flashi isiwang'arishe. Mnawatoa na uso wa rangi moja na shingo ya rangi nyingine, halafu mimi ndiye ninayeulizwa kwa nini picha haifanani na mtu.

Kama kuna historia ya chuki kati ya picha na ngozi zetu, haikuanzia kwenye taa. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafishia picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kwa jina la kadi za Shirley. Akitoka vizuri yeye, mashine imekaa sawa. Filamu zilikuja kuboreshwa upande wa rangi za kahawia baada ya malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, ambao bidhaa zao zilitoka zote rangi moja. Hilo ndilo la kukasirikia. Nanyi wenye hofu na flashi katafuteni picha za Malick Sidibé wa Bamako, aliyezunguka na flashi yake kwenye sherehe za vijana usiku. Ile ya mkesha wa Krismasi wa 1963, ya kijana na binti wakicheza wamekaribiana vichwa, ni watu weusi, ni usiku, na ni flashi. Mwaka 2007 Venice walimpa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Hakuna aliyemwambia kwamba Wamali hawaendani na flashi.

Sasa vifaa, maana huku nako kuna uongo mwingi. Kifaa kinachouzwa zaidi ni kile kikofia cheupe cha plastiki kinachovalishwa kichwa cha flashi. Muuzaji atakwambia kinalainisha mwanga. Ndani ya chumba chenye dari fupi na kuta nyeupe kinasaidia, kwa sababu kinatawanya mwanga ukagonge kuta urudi. Nje, kwenye bustani usiku, hakuna ukuta wala dari. Mwanga unaoelekea juu unakwenda zake, betri inakwisha mapema, na usoni inabaki taa ileile ndogo. Halikadhalika flashi za kichwa cha mviringo, mfano Godox V1. Nimeitumia, ni flashi nzuri, betri yake ya lithiamu inakaa, na vifaa vyake vya sumaku vinabanduka na kubandikwa kwa sekunde. Lakini ukiambiwa mviringo wenyewe ndio unaolainisha, kataa. Doa litakuwa la duara badala ya mstatili. Ukubwa ni uleule.

Kifaa ninachokitetea mbele ya yeyote ni mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga, wenye upana wa mita moja hivi, pamoja na stendi nyepesi na triga ya kuwasha flashi kwa mawimbi ya redio. Ni vya bei ya chini kuliko vyote dukani na vinafanya kazi kuliko vyote. Mwavuli una hila moja: kitambaa kinawaka mwanga mpaka pembezoni ukiusogeza mpini ili kikae mbali kidogo na flashi, lakini flashi ikibanwa karibu mno na kitambaa, unawaka katikati tu na umerudi kwenye taa ndogo. Wengi wanapokosea ni hapo, kisha wanasema mwavuli haufai. Ufukweni, kusi likivuma, mwavuli unaruka na stendi na flashi vyote pamoja, kwa hiyo mguu wa stendi ubebe mfuko wa mchanga, au kijana asimame aushike. Pale Kigamboni nimeona flashi nzuri ikipigwa chini kwa sababu mtu aliona haya kujaza mchanga kwenye mfuko, naye kasimama juu ya mchanga.

Umbali nao unakosewa kila siku. Ukiongeza umbali kati ya taa na mtu mara mbili, mwanga unaomfikia unabaki robo. Mara tatu, unabaki sehemu moja ya tisa. Ndiyo sababu ya ile picha iliyojaa kwenye albamu zetu: bibi harusi amesimama mita moja kutoka kwenye flashi, kaungua mweupe, na mama yake aliyeko mita tatu nyuma amezama gizani. Watu wanasema flashi imempendelea bibi harusi. Sogeza taa ikae mita nne pembeni, iinue juu, iongezee nguvu, na mama na mwana watatoka wote. Halafu zima otomatiki ya flashi. Shela jeupe likijaa kwenye picha, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa binti unakuwa mweusi tii. Suti nyeusi ya bwana ikijaa, inafanya kinyume chake. Pima mwenyewe, weka nguvu mwenyewe, usiiachie mashine.

Turudi kwa kamera zinazoona gizani. Kweli zinaona. Swali ni zinaona nini. Dar es Salaam jua linazama kabla ya saa moja usiku mwaka mzima, na huku karibu na ikweta magharibi haichukui muda, dakika ishirini na kitu ni giza. Huo mtindo wa mwanga wa asili tumeuokota kwenye picha za Ulaya kaskazini, ambako jioni ya kiangazi inakaa saa nzima na zaidi. Kadi zetu zinasema saa kumi na mbili, maharusi wanaingia ukumbini saa mbili na nusu. Mwanga wa asili wa saa mbili na nusu usiku ni upi? Uliopo ni taa za LED za zambarau ambazo mpambaji amezipanga nyuma ya meza kuu. Kamera inayoona gizani itakuletea kwa uaminifu kabisa uso wa zambarau. Wala usidhani utausahihisha kwenye kompyuta: kwenye mwanga ule rangi nyingi za ngozi hazikuwepo, na kisichokuwepo hakirudishwi. Flashi iliyokaa mahali pake inaileta ngozi ya mtu na rangi zake zote, huku zambarau ikibaki nyuma kwenye mapambo inakostahili kuwa. Tena mmweko wake ni mfupi mno. Ikiwekwa nguvu ndogo, inawaka kwa chini ya 1/10,000 ya sekunde, kwa hiyo mama mkwe akirusha khanga hewani utaona mpaka maandishi yake.

Na MC anayeamuru taa zote zizimwe maharusi wanapoingia, huku wageni ishirini wamesimama katikati ya njia na simu na tableti zao juu, naye pia ana deni kwetu, lakini hilo ni la siku nyingine.

Nimesikia na utetezi mwingine, kwamba flashi inaharibu macho ya watoto, basi tusiitumie kwenye ubatizo na kwenye arobaini. Anayenieleza hayo amembeba mtoto huyohuyo kutoka kituo cha daladala mpaka kanisani saa sita mchana, uso wa mtoto ukitazama angani, bila mwavuli wala kofia. Mng'aro wa flashi kupitia mwavuli, kutoka mita mbili, kwa sehemu ya elfu ya sekunde, ndio umekuwa hatari? Nimeshindwa kuelewa hofu hii ilizaliwa wapi, na nimechoka kubishana nayo mlangoni pa kanisa wakati padri anasubiri.

Wanaonisikitisha hasa ni vijana wanaoianza kazi hii. Anakuja kijana ana kamera inayotosha kabisa, anataka kuiuza kwa hasara akope anunue nyingine kwa sababu ameambiwa hiyo mpya haina haja ya taa. Namwomba anionyeshe picha zake za ukumbini. Nyuso zina madoa meupe, kuta nyuma ni nyeusi, na flashi yake haijawahi kushuka kutoka juu ya kamera tangu aitoe kwenye boksi. Kijana, usikope. Sehemu ndogo tu ya hiyo hela inatosha stendi, mwavuli na triga, na chenji itabaki ya betri za kuchaji. Jumamosi hii isimamishe taa upande wa kushoto wa meza kuu, juu kidogo ya vichwa, uielekeze chini kwa mshazari, kisha uniletee picha Jumatatu tuziangalie.