Maziwa Hayatamponya, Mkimbizeni Hospitali

Nina duka la dawa Kayole, Nairobi, na kinachoniuma ni majirani wanaokuja mbio kuniuliza la kufanya kuhusu mtu aliyemeza dawa kupita kiasi, ilhali mgonjwa mwenyewe wamemfungia nyumbani. Wameshamnywesha maziwa, wamemtia vidole kooni ili atapike. Acheni! Dawa nyingine huharibu ini kimyakimya: leo mtu anaonekana mzima, kesho kutwa yu mahututi. Chukueni pakiti ya dawa, hata ikiwa tupu, mumkimbize Hospitali ya Mama Lucy usiku huo huo.

Najua mnaogopa polisi, na maneno ya ploti nzima. Kweli, Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kifungo hadi miaka miwili. Lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kinakiuka Katiba. Mwambieni daktari ukweli wote.

Na akiruhusiwa kurudi, jamani, msimpokee kwa mahubiri. Mama mmoja hapa kwetu humpelekea uji kijana aliyenusurika, wakaketi wakaongea. Ombeni mshauri nasaha kabla mgonjwa hajatoka wodini. Dawa zote nyumbani zifungiwe. Akizidiwa na mawazo usiku, pigeni 1199, laini ya Msalaba Mwekundu, bila malipo.