Chungu cha Mama, Ziwa la Mwana

Wahenga walinena, "Mwana umleavyo ndivyo akuavyo." Neno hili sisi humtupia mama peke yake. Mwana akikonda, mama ndiye hakujua kulea. Hebu, wasomaji wapenzi, tutazame kama hukumu hii ni ya haki.

Shuka mtaa wa Bangladesh, kule Mikindani, Mombasa, baada ya sala ya alfajiri. Utawaona kina mama watoka kwenda kufua nguo za watu. Mtoto mchanga huachiwa dadake, akanyweshwa chai ya rangi. Chai hiyo huzuia mwili kupata madini ya kuongeza damu. Maji nayo ni ya kununua kwa mtungi, na makaa ya kuyachemshia ni ghali. Mtoto akiharisha, hata kile kidogo alichokipata hupotea.

Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano, 18 wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa 26. Hatua imepigwa, lakini kwa jirani zetu wa Kilifi walikuwa 37.

Dawa si siri. Waganga wasema mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi sita, kisha aongezewe kunde, mchicha na dagaa, huku akinyonya hadi miaka miwili. Miaka miwili hiyo imetajwa katika Suratul-Baqara, aya ya 233. Wengi wetu hukomea hapo. Lakini aya iyo hiyo yamwajibisha baba kumlisha na kumvisha mama anyonyeshaye, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo wake. Basi baba apataye fedha za muguka hawezi kusema hana za kunde.

Na baba asiyejiweza? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Lakini mama afuaye nguo nyumba hii leo na ile kesho, mahali hapo atapapata wapi? Hapo ni zamu yetu. Zaka ni haki ya mafukara na maskini. Kila mtaa na utenge fungu la kumlisha mzazi miezi sita ya mwanzo, ashinde na mwanawe.

Kabla ya kumuuliza mama amemlisha nini mwana, tumuulize kwanza: wewe mwenyewe, jana ulilala umekula nini?