Taji Liko Sakafuni

Katika kanisa kuu la Mtakatifu Bavo mjini Ghent, Ubelgiji, kwenye mchoro uliokamilika mwaka 1432, mfalme ameketi. Ndugu wawili, Hubert na Jan van Eyck, walimvika joho jekundu na kofia ya ngazi tatu kama ya papa.

Taji je? Limewekwa chini, miguuni pake.

Wasomi wangali wanavutana: ni Mungu Baba au Kristo? Tazama kitambaa nyuma yake. Ndege mwari anajitoboa kifua ili alishe makinda kwa damu yake, huku mizabibu ikimzunguka. Damu na divai ni ishara za Kristo, na ni kazi ya kuhani, kama Melkizedeki, mfalme na kuhani wa Biblia, aliyemletea Abramu mkate na divai. Anayesema ni Baba ana hoja, ila mwari yule anamsuta.