Mwanakijiji Haogopi Mashine

Kuna kauli inayorudiwa kila semina ya afya: wananchi wa vijijini hawatakubali akili unde itumike kwenye matibabu yao, kwa kuwa hawajasoma na wanaogopa mashine. Kauli hiyo ni uongo, tena uongo wa dharau.

Waisemao waje asubuhi moja kwenye zahanati za huku kwetu, kuanzia Mtabila na Makere wilayani Kasulu hadi Kibondo. Mtoto ana homa. Muuguzi anamtoboa kidole, anadondosha damu kwenye kipimo cha plastiki, kisha wanasubiri kama dakika 15. Mstari mmoja, hana malaria, miwili, anayo. Mama aliyezoea Kiha kuliko Kiswahili anainama na kuusoma mwenyewe. Kemia iliyomo ndani haijui. Anachojua ni kwamba kipimo kimemwambia kweli mara nyingi, na muuguzi yupo mbele yake wa kumuuliza.

Na manufaa ya mashine kwenye matibabu yapo. Katika utafiti uliofanyika Mbeya na Morogoro, matabibu waliongozwa na programu ya kishikwambi iliyofuata kanuni za kitabibu. Watoto walioandikiwa antibiotiki walikuwa takriban 23 kwa kila 100, wakati kwenye vituo visivyo na programu walikuwa 70, na kupona kwao hakukutofautiana. Nairobi, kliniki za Penda Health zilijaribu akili unde yenyewe katika utafiti wa mahudhurio karibu 40,000. Matokeo ya 2025 yalionyesha makosa ya kutambua ugonjwa yakipungua kwa asilimia 16. Uamuzi wa mwisho ulibaki kwa tabibu.

Mwananchi akisita, basi, msikilizeni kabla ya kumwita mjinga. Anauliza: programu ikikosea, nani atawajibika? Taarifa za ugonjwa wangu zinapelekwa wapi, wakati tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022? Mashine iliyofundishwa zaidi kwa Kiingereza itaelewaje maumivu ninayoyaeleza kwa Kiha? Na ikigundua nimonia, amoksilini ipo dirishani au nitaambiwa nikanunue duka la dawa? Daktari bingwa naye angeuliza hayohayo.

Kauli ya woga wa wanakijiji inawafaa wenye miradi. Mradi ukifa kwa kukosa umeme, mtandao au dawa, lawama anabebeshwa mgonjwa. Na kwa kuwa imeshaamuliwa kwamba hataelewa, hakuna anayejisumbua kumwuliza.

Halmashauri za Kasulu na Kibondo zisikubali mtindo huo. Kabla programu yoyote haijaingia zahanati, iletwe kwenye mkutano wa kijiji, ionyeshwe ikifanya kazi, na atajwe kwa jina na cheo mtu atakayejibu ikikosea. Watu wakiikataa baada ya hapo, wana sababu, na sababu hiyo iandikwe kwenye muhtasari na ifanyiwe kazi.