Kumsema mfalme ni kitu kimoja, kumvua nguo dada ni kingine

Leo nasema jambo ambalo wengine hamtalipenda, lakini someni mpaka mwisho kabla hamjaanza kunishambulia.

Mnakumbuka zile beti zilizozunguka kwenye simu zetu mwezi uliopita. Nusu ya kwanza ilimsema mzee mmoja anayeandika majina ya mgao, kwamba jina lako halionekani mpaka umpe kitu kidogo. Nusu ya pili ikaanza kueleza mwili wa dada mmoja wa bloku yetu, na jina lake likatajwa. Zote zikafutwa, kijana akatolewa kwenye grupu, eti mambo yakaisha. Mimi nilicheka, tena nikazituma kwa watu watatu. Ndiyo maana naandika.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za mshairi mmoja Mwingereza aliyesifika kwa matusi. Anaitwa John Wilmot, mkubwa mwenye cheo cha Earl wa Rochester. Alizaliwa 1647, Waingereza wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1651 jeshi la mfalme kijana, Charles II, lilishindwa Worcester, na baba yake Wilmot akawa mmoja wa waliomsaidia mfalme kutoroka. Ndiyo, mfalme mkimbizi! Karibu miaka 9 alizunguka Ulaya akiishi kwa mikopo na fadhila za wengine. Baba yake Wilmot alifia ugenini 1658, mtoto akiwa na miaka 10 tu. Mwaka 1660 mfalme akarudi kwao, akakalia kiti.

Sisi tungedhani mtu aliyeonja ukimbizi atarudi na huruma. Wapi! Jumba la mfalme likawa la pombe na vimada, na hela nyingi ziliishia huko. Wilmot naye alikuwemo humo humo, mlevi kupindukia. Tofauti yake na wenzake ni kwamba aliandika alichokiona.

Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa 1673 mfalme alimwomba shairi fulani, naye kwa makosa akamkabidhi lile lililomsema mfalme mwenyewe. Lilikuwa na lugha chafu kweli, siwezi kuliweka hapa. Lakini ukiondoa uchafu unabaki na hoja: mfalme anaongozwa na tamaa zake, kwa hiyo anayemshika kitandani ameishika nchi. Wilmot akakimbia ikulu, na baadaye akasamehewa.

Alisamehewa kwa sababu alikuwa mkubwa, na mfalme alikuwa na deni la fadhila kwa baba yake. Mimi na wewe hatuna baba wa hivyo. Mtoto wa kambi akimsema kiongozi, anaogopa jina lake litakosekana kwenye orodha. Kwa hiyo mnaponiambia “semeni kwa adabu, fuateni utaratibu”, jiulizeni kwanza kama utaratibu huo unasikiliza. Uingereza ya wakati ule, sheria ya 1662 ilitaka vitabu vipate kibali kabla ya kuchapwa. Mashairi ya Wilmot yakapita mkono kwa mkono, yakinakiliwa kwa kalamu, mengi bila jina. Si ndivyo tunavyofanya sisi na simu? Watu wakifungiwa mlango, maneno yanapita dirishani.

Lakini sasa nusu ya pili. Wilmot huyo huyo aliandika mashairi ya kuwadhalilisha wanawake, wengine akiwataja kwa majina. Mwaka 1665, akiwa na miaka 18, alimteka msichana tajiri, Elizabeth Malet, ili amwoe, akafungwa kwa kosa hilo. Baadaye walikuja kuoana, lakini hilo halifuti kosa. Wapo wanaomsifu wakisema alikuwa mtu huru. Uhuru gani huo? Mfalme alikuwa na gereza na askari, angeweza kujitetea. Mwanamke aliyetajwa kwenye beti alikuwa na nini? Maneno yakishanakiliwa mara mia, utamfuata nani?

Tena mashairi yake ninayoyaona bora ni yale anayojicheka mwenyewe. Liko moja la mwanamume anayejigamba halafu anashindwa kitandani. Ni chafu, lakini ni la kweli, na mwenye aibu ndani yake ni yeye anayesimulia. Vijana wa grupu letu, nani kati yetu amewahi kuandika beti ya hivyo? Nyani haoni kundule.

Wilmot alikufa Julai 1680 na miaka 33, mwili umeharibika kwa pombe na maradhi. Mwaka huo huo kikatoka kitabu cha mashairi kwa jina lake, na mengi ndani yake hata hakuyaandika yeye. Ndiyo hatari ya kutuma tu: mwishoni hakuna anayejua nani alisema nini, na hakuna wa kuulizwa.

Maadmini wetu, mlifanya kosa moja: mlifuta vyote kama kitu kimoja. Beti za mgao zilikuwa malalamiko. Zirudisheni, ziulizwe kwenye mkutano wa bloku, mzee ajibu. Nanyi wa mashirika, msisikie tusi mkaziba masikio, sikilizeni linalia kuhusu nini. Beti za dada zilikuwa uonevu, na hizo zilistahili kufutwa.

Nilienda kwa dada yule kumwomba radhi. Alinisikiliza, akaniuliza wale watatu niliowatumia ni akina nani. Nikamtajia. Akasema, “Basi nenda kwao pia.” Wawili nimeshawaona. Wa tatu amehamishiwa kambi nyingine, na beti amekwenda nazo.